Usiku wa Nadhiri Uani kwa Amma

Mwaka 2012 nilikuwa nasoma Mangaluru, pwani ya Karnataka kusini mwa India. Mwenzangu wa darasani akanialika kwao kijijini: "Amma anaondoa nadhiri." Mdogo wake alikuwa ameugua sana, na mama yao akaahidi mbele ya Devi, mungu wa kike wa Wahindu, kwenye hekalu la Kateel, kwamba mtoto akipona ataleta nyumbani yakshagana, mchezo wa kuigiza wa usiku kucha, wenye nyimbo, ngoma na hadithi za miungu. Mtoto alipona. Zamu yao ilichukua miaka kufika, maana wenye nadhiri ni wengi na makundi ya hekalu huzunguka vijijini kiangazi tu, tangu Novemba hadi Mei.

Mimi nilikwenda na simu yangu, kutazama mchezo.

Kwanza tulipita nyuma ya jukwaa, chauki wanapaita, ambako waigizaji hujipamba wenyewe mbele ya madhabahu ndogo. Mzee mmoja alikaa chini ameshika kioo. Alikuwa akichovya kijiti kwenye rojo la unga wa mchele na chokaa, anajidonea usoni nukta moja, nyingine juu yake, mpaka zikasimama kama miiba. Saa nzima na ushee hakusema na mtu. Huyo ndiye Mahishasura, jitu lenye kichwa cha nyati, lililopewa ahadi kwamba halitauawa na mwanamume yeyote.

Tulilishwa wote, wali juu ya jani la mgomba, kisha chende zikalia. Ngoma ile husikika vijiji vya mbali. Bhagavata, mwimbaji anayeongoza kila kitu, aliimba beti za hadithi. Lakini maneno ya katikati, yale mabishano ya miungu na majitu, kila mwigizaji huyatoa kichwani mwake usiku uleule. Wazee walikuwa wakiguna kwa raha kila hoja ilipojibiwa sawasawa.

Usiku wa manane Mahishasura hakutokea jukwaani. Alitoka gizani nyuma yetu, katikati ya watu, pembe mbili juu ya kichwa, wenye mienge wakirusha unga wa utomvu na moto ukifumuka hadi juu. Nilirudi nyuma. Bibi aliyekaa kando yangu alikuwa amekunja viganja kifuani, machozi yanamtoka.

Nikamkumbuka mama, Tanga. Naye aliwahi kuweka nadhiri ya maulidi nilipougua utotoni: uani turubai, ubani, matari, majirani wamekesha. Nani angekuja pale kumpiga picha mama yangu? Nikaizima simu.

Alfajiri, baada ya wimbo wa kufungia, nilimwona Amma chauki, mbele ya madhabahu. Kamshika mkono mwanawe, kijana mrefu mwenye ndevu, kama anamvusha barabara.