Mshono wa chini

Jana mwanangu alipitisha kidole pembeni mwa tangi la maji la garimoshi letu dogo la mvuke akauliza: "Baba, mbona maji hayatoki hapa kwenye kona?" Nikamjibu ni risasi ya kulehemia. Akaridhika, akaenda zake. Mimi nikabaki nimesimama.

Sehemu kubwa ya kazi ya kuliunda tangi lile haina utamu wa kusimulia: kuchora mistari juu ya bati la shaba njano la milimita 1.2, kukata, kupiga tupa, kukunja kwenye jiliwa. Matundu ya ribiti, vile vijipini vya kushikanisha bati, niliyatoboa hadi nikayachukia. Lakini jioni ya mshono wa chini ninayo yote kichwani.

Mzee alikaa nyuma yangu, kimya. Mishono ya juu tulikwisha kuilehemu, na risasi ya kawaida huyeyuka kwenye nyuzi 190 hivi. Moto wa chini ungeweza kabisa kuilegeza ile ya juu. Nikapaka dawa ya kulehemia, nikauleta moto taratibu bila kuutuliza mahali pamoja, maana bati jembamba likipata joto upande mmoja hujikunja. Dawa ikachemka, ikafuka moshi mkali. Nikagusisha waya wa risasi. Ukafanya donge, ukagoma.

"Pasha bati, usipashe risasi," Mzee akasema.

Nikauhamishia moto upande wa pili wa kiungo. Mara donge likalegea, likang'aa, likanyonywa ndani ya ufa, na mstari mwembamba kama fedha ukakimbia kuufuata moto hadi kona ya mwisho. Nikainua macho: mshono wa juu nao unang'aa, umeyeyuka! Nikabana pumzi. Hakuna kilichosogea. Ribiti hushika, risasi huziba. Kumbe ndiyo kazi ya matundu yale niliyoyanung'unikia.

Tukaosha dawa yote, kwani ikibaki hula shaba, tukajaza maji, tukaliweka tangi juu ya gazeti hadi asubuhi. Gazeti kavu.

Wageni husifu vichwa vya ribiti vilivyojipanga kwa nje. Mshono wangu hauonekani, na sijaamua kama hilo linaniudhi. Linaloniudhi kweli ni kwamba matangi yanaikaribia mno boila, maji yanapata joto, na injekta, kifaa kinachosukuma maji ndani ya boila kwa nguvu ya mvuke, haitaki maji ya moto; inatema tu. Hapo ndipo ninapokimbilia pampu ya mkono. Mzee anasema mchoro ndivyo ulivyotaka. Mimi nasema aliyechora hakuwa na kiu ya injini hii. Tunabishana mpaka leo.