Sikio jipya, kichwa cha zamani

Hapa kwetu Tanga ukisema "kipandikizi" mtu anafikiria njiti ya uzazi wa mpango, na nimeshaulizwa zaidi ya mara moja kwa nini yangu wameiweka kichwani. Changu ni kifaa cha kusikia: sehemu moja imewekwa kwa upasuaji chini ya ngozi ya kichwa, waya wake ukaingia ndani ya sikio, na nyingine, yenye maikrofoni, naivaa nje na kuivua. Kwa hiyo nyumbani tunaita "sikio" tu. Sikio la zamani lilikuwa la mwaka 2008. Jipya ni la 2023. Nimeona niandike kuhusu hili la pili, maana habari za la kwanza zipo nyingi, lakini wakati natafuta mtu wa kunieleza inakuwaje kubadilishiwa baada ya miaka 15 sikumpata.

Nilikuwa na miaka 20 nilipougua homa ya uti wa mgongo. Nilipona, lakini masikio yote mawili yakafa. Tuliambiwa tusichelewe, kwa kuwa baada ya ugonjwa ule mfupa unaweza kuota ndani ya koklea, kile kiungo cha ndani ya sikio kilichojiviringa kama konokono, na pakishaziba waya hauingii. Nchini upasuaji huo haukuwepo. Muhimbili waliuanza mwaka 2017. Ukoo ukachanga, minazi ya babu ikauzwa, nikapelekwa Chennai, India. Nikawekewa sikio la kulia tu, kwani fedha ya mawili haikuwepo. Nikajifunza kusikia upya, nikaolewa, nikazaa, nikafungua kibanda cha cherehani Ngamiani. Hata simu nilikuwa napokea.

Mwaka 2021 mambo yakaanza kuharibika, tena kijanja. Sauti inakatika, inarudi. Nikiinama kukata kitambaa, kimya. Nikiinua kichwa, imerudi. Baadaye kope la jicho la kulia likawa linacheza kila mtu anapoongea kwa nguvu. Niliuziwa waya mpya wa nje, nikauziwa koili mpya, kile kidude chenye sumaku kinachoshika kichwani, kisha waya tena, na muuzaji ambaye hakuwahi hata kuuliza kama sehemu ya ndani imepimwa. Ndugu wakaniambia nimechoka, nipumzike. Mimi mwenyewe nikaanza kujishuku. Ilichukua zaidi ya mwaka mpaka mtaalamu wa usikivu Dar es Salaam akaniunganisha na kompyuta, akapima elektrodi moja moja, vile vituo vidogo vya umeme kwenye waya wa ndani, kisha akanigeuzia kioo nione mwenyewe. Kifaa cha ndani kilikuwa kinakufa. Dhamana yake ya miaka 10 ilishapita. Habari ya fedha sitaki kuirudia. Kiwanja tulichokuwa nacho sasa ni cha mtu mwingine.

Upasuaji wenyewe haukunisumbua. Daktari alilitoa la zamani na papo hapo akaingiza jipya kupitia njia ileile iliyoachwa na waya wa kwanza. Kilichonishinda ni wiki nne za kusubiri kidonda kipone kabla ya kuwashwa. Miaka yote nilikuwa nalivua sikio usiku, na ukimya ule niliupenda, ulikuwa usingizi wangu. Sasa asubuhi inafika na hakuna cha kuvaa. Badala yake kichwani kulikuwa na mvumo kama jiko la mchina linalowaka mchana kutwa. Binti yangu, wakati huo ana miaka 11, aliacha kuhangaika na daftari. Akawa anachukua chaki yangu ya ufundi na kuniandikia kwenye kitambaa cheusi kilicho mezani: MAMA CHAI IMECHEMKA. MAMA KUNA MTEJA. MAMA BABA ANAULIZA. Nakikung'uta kitambaa, anaandika tena. Buibui moja la mteja lilirudi kwake na neno CHAI kwa ndani, na mpaka leo hajaniuliza.

Siku ya kuwashwa nilikwenda na kiburi. Nilijiona mzoefu. Mtaalamu akanipigia vile vimlio, mimi nikawa namwonyesha kwa mkono: nimesikia, hapa panatosha, hapa panauma. Kisha akafungua vyote kwa pamoja, na mume wangu akasema kitu. Nilichosikia ni kifaranga. Kifaranga ndani ya mtungi. Nilijua ni jina langu kwa sababu niliangalia midomo. Mwaka 2008 sauti kama hizo zilinifurahisha, kwa maana nilikuwa natoka kwenye kutosikia kabisa. Safari hii nilikuwa na cha kulinganisha nacho, na ndipo penye ugumu wote. Sauti ya mume wangu nilikuwa naijua, na yule hakuwa yeye.

Nikamwambia mtaalamu, tafadhali chukua vipimo vya sikio la zamani uviweke humu kama vilivyo. Akasema havitasaidia. Nikashikilia. Nilirudi Tanga na hasira zangu, na wiki ya pili nikalifungia sikio kwenye droo ya nyuzi siku mbili nzima. Siku zile nilisoma midomo na kununa.

Niliporudi Dar kurekebishiwa, yule dada mtaalamu alifanya jambo ambalo natamani lingefanyika siku ya kwanza. Alifungua kumbukumbu zangu za zamani akanionyesha. Kifaa cha 2008 kilikuwa na elektrodi 22. Sita zilikuwa zimezimwa. Si kwa mara moja: moja mwaka huu, mbili mwaka ule, kila nilipolalamika kwamba kuna sauti inanichoma. Zote sita zilikuwa za upande wa mlango wa koklea, ambako sauti nyembamba hupokelewa. Za ndani kabisa hupokea sauti nene. Kila moja ilipozimwa, kompyuta ilizisogeza sauti zake kwa jirani zake. Akaniuliza kama najua kinanda cha taarabu. Nani Tanga hakijui? Akasema, fikiria vitufe vya mwishoni, vya sauti nyembamba, vimekufa kimoja kimoja, na mpigaji anaubana wimbo kwenye vilivyobaki. Wimbo unaendelea, ila unazidi kuwa mnene, na anayeusikiliza kila siku hatambui.

Nilikaa kimya muda mrefu. Sauti ya mume wangu niliyokuwa naililia, ile nzito ya kupendeza, ilikuwa imetengenezwa na kifaa kibovu. Mwenyewe nilipomsimulia njiani kwenye basi alicheka, akaandika kwenye simu: "Kumbe miaka yote ulikuwa na mume mwingine."

Sikuomba tena vipimo vya zamani. Yule dada aliniwekea ramani nne, yaani mipangilio minne ya sauti, ndani ya prosesa, ile sehemu ya kuvaa nje, ya kwanza ya chini, ya nne ya juu, nipande moja kila baada ya siku chache nikiona nimezoea. Masharti yake yalikuwa mepesi kuyataja na mazito kuyafuata: livae kuanzia unapoamka mpaka unapolala, hata likikukera. Kwa mwanamke wa pwani kuna la nyongeza. Ushungi ukigusa maikrofoni unakwaruza kama mtu anachana gunia, na kwa kuwa ngozi ilikuwa bado imevimba, sumaku haikushika vizuri, koili ikawa inadondoka kila nikiinama kwenye mashine. Nilijishonea kofia ya ndani ya pamba laini inayoibana koili na kuiacha maikrofoni wazi. Nimeshawashonea wenzangu wawili.

Mazoezi yalikuwa ya nyumbani. Kila jioni binti yangu anasimama nyuma yangu, kanga mdomoni, anatamka zile sauti sita za kupimia: m, u, a, i, sh, s. Mimi narudia. Vokali hazikunipa shida. Kazi ilikuwa sh na s. Tukahamia maneno: saba na shaba, soka na shoka. Alfajiri nilisikiliza Juzuu Amma huku nafuatisha kwa kidole msahafuni. Niliihifadhi chuoni kabla sijaugua, kwa hiyo kichwa kilijua neno gani linafuata na sikio likawa na kazi moja tu ya kulitambua. Naamini hilo lilinisaidia kuliko kitu kingine chochote. Redio ilinishinda kabisa mwanzoni, hasa watangazaji wa mpira. Mdogo wangu alinitumia sauti kwa WhatsApp, mimi namwandikia nilichosikia, yeye ananisahihisha na kunicheka.

Kosa langu lilikuwa kurudi sokoni mapema. Wiki ya tano nikaenda Mgandini kununua vifungo na zipu. Kelele, baiskeli, kengele, watu wanaita bei. Muuzaji akasema elfu sita. Nikasikia elfu tisa. Nikatoa elfu tisa, naye, Mungu amsaidie, akazipokea. Sita na tisa zina sauti zilezile, mpangilio tu umegeuka, na kwa sikio changa ni mtego. Tangu siku hiyo namwambia muuzaji anionyeshe kwa vidole au aandike kwenye simu, na sioni haya.

Mabadiliko hayakuja kwa ngazi. Mwezi wa pili nilirudi nyuma wiki nzima bila sababu niliyoijua. Kisha asubuhi moja, mwezi wa tatu, binti yangu akapita nyuma yangu na sare ya shule akasema shikamoo. Nikasema marahaba huku nashona. Nikasimamisha mashine. Nikamwita, nikamwambia arudie. "Shikamoo mama." Ile sh ilikuwa pale, kavu, nyembamba, kama vitunguu vikiguswa na mafuta ya moto. Nikagundua kwamba miaka mingi nilikuwa nasikia kitu kama "hikamoo", naitika kwa mazoea. Nilimfanya arudie mpaka akachelewa shule.

Sauti ya mume wangu imetulia. Si ile ya zamani, lakini si kifaranga tena, na siku hizi nikikumbuka ya zamani siipati vizuri kichwani. Simu naongea na watu ninaowajua. Taarabu bado ni fujo. Naambiwa muziki huchelewa, na kwa wengine haurudi wote.

Wiki iliyopita nilikuwa nashona mashuka ya bibi harusi, nikawa nasikia kitu kinalia, kijembamba, kama panya aliyebanwa mlango. Nikanyamaza, kikanyamaza. Nikakanyaga pedali, kikalia. Nikamwita mume wangu, nikamuuliza cherehani hii inapiga kelele tangu lini.

"Miaka mitatu hivi," akasema. "Mtaa mzima tulidhani unajua."

Nikampa elfu mbili akaniletee mafuta ya mashine.