Mausi moja kompyuta mbili, hivi ndo nilivyounganisha

Jamani kama una kompyuta mbili mezani na mausi moja na kibodi moja, usikimbilie kununua zingine. Mimi niko na kaduka ka kuchapa na kuprinti Wandegeya hapa Kampala, moja ni ya Windows 10, nyingine laptopu ya Ubuntu 22.04 (mfumo wa kompyuta kama Windows, ila mwingine), na meza ni ndogo. Nikaweka Barrier, programu ya bure, unaiweka kwa zote mbili, ile yenye mausi ndo seva, nyingine klayenti, ukisukuma mshale mpaka ukingoni mwa skrini unavukia upande wa pili, hata maandishi unakopi huku unapesti kule.

Shida, ikagoma kukoneki. Kwanza fayawoli ya Windows, yaani kizuizi cha mtandao, nikafungua poti 24800 ya TCP, mlango ambao Barrier inapitia, ikakubali, lakini mshale kwa Ubuntu hausogei kabisa! Kumbe Ubuntu hiyo inaanza na Wayland, mfumo wa kuonyesha skrini, na Barrier haielewani nayo, so kabla ya kuingiza paswedi bonyeza kale kagurudumu chini kulia, chagua Ubuntu on Xorg, ule mfumo wa zamani, basi. Jina la skrini ya klayenti nalo, lile uliloandika kwa seva lazima lifanane na lile la kwenye klayenti yenyewe, herufi kwa herufi.

Halafu umeme ukikatika na kurudi, ruta inaipa seva IP nyingine (namba yake kwenye mtandao), kompyuta zinapotezana tena, hiyo niliimaliza kwa kuifungia seva IP moja ndani ya ruta. Printa nimeisheya kwa mtandao kutoka Windows, flashi ndo bado nachomoa kwa mkono.