Bima ya afya kwa asiye na mshahara

Kila mjadala wa bima ya afya unapopamba moto, hakosi mtu wa kusema kwamba kampuni binafsi humhudumia mgonjwa vizuri kuliko Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya. Huenda ni kweli, lakini ni ukweli wa Dar es Salaam. Kampuni hufuata mishahara ilipo, na sizilaumu kwa kuwa zinafanya biashara. Mkulima wa Tandahimba au Newala, mkoani Mtwara, ambaye fedha zake huja minada ya korosho inapoanza mwezi Oktoba, si mteja zinayemtafuta.

Hata Mfuko wenyewe, uliozaliwa na sheria ya mwaka 1999, ulijengwa juu ya mshahara: mtumishi hukatwa asilimia 3 na mwajiri huongeza 3. Asiye na mshahara aliachiwa hiari, na hiari ndiyo iliyotushinda. Mwaka 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja katika Toto Afya Kadi, bima ya watoto ya Mfuko, kwa shilingi 50,400, ulisitishwa kwa hoja kwamba wengi walioandikishwa walikuwa tayari wagonjwa. Sioni ajabu, maana mzazi ambaye mtoto wake ni mzima hutanguliza sare na madaftari. Kampuni binafsi ingelimaliza tatizo hilohilo kwa kupandisha bei au kumkwepa mgonjwa, na ndiyo sababu naunga mkono bima ya lazima chini ya usimamizi wa serikali.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, haikuzifungia mlango kampuni binafsi. Wala serikali ikilipa si lazima itibu yenyewe: Ndanda na Nyangao ni hospitali za misheni, na watu wa kusini wamezitegemea kwa miaka mingi. Hofu yangu ni malipo. Machi 2024 hospitali kadhaa binafsi zilikataa kadi za Mfuko kwa sababu ya mvutano wa bei za kitita kipya, yaani orodha ya huduma na dawa ambazo Mfuko hulipia; huku kwetu kusini, ambako hospitali za kuchagua ni chache, mvutano wa namna hiyo ungemwacha mgonjwa njiani.

Kuhusu kukusanya mchango, njia ipo. Mkulima anayeuza kwa stakabadhi ghalani, yaani mazao hukusanywa ghalani na kuuzwa mnadani, kupitia chama cha msingi cha ushirika amezoea makato, na amezoea pia kuyalalamikia, mara nyingi kwa haki. Bima ikatwe hapohapo, mara moja kwa msimu, na karatasi ya malipo ionyeshe kiasi hicho peke yake, bila kuchanganywa na tozo nyingine.