Una Nini Nyumbani?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii tusome 2 Wafalme 4:1-7, habari ya mjane wa mmoja wa wana wa manabii. Marehemu mumewe alikuwa mcha Mungu, na mkewe anamkumbusha Elisha jambo hilo. Lakini ameacha deni, na mdai amekuja kuwachukua watoto wawili wawe watumwa. Nashukuru Neno halikutuficha hili. Deni huingia hata katika nyumba ya mtu anayesali kwelikweli.

Wala kukopa si dhambi. Wengi wetu tumesomesha watoto kwa mkopo wa SACCOS, tumenunua mbolea kwa fedha ya VICOBA na kuirejesha baada ya mavuno. Shida huanza pale Mithali 22:7 inapotimia mwilini mwako: akopaye ni mtumwa wake amkopeshaye. Na utumwa huo hauji siku moja.

Unakopa huku upeleke rejesho kule. Songesha, ule mkopo wa M-Pesa wa kujazia salio lisipotosha, uliyoiweka kwa ajili ya dharura, sasa ndiyo inayonunua unga na umeme. Namba ngeni ikipiga, unalaza simu kifudifudi mwenzako asione. Ibada ya nyumba kwa nyumba umeiacha, maana anayekudai naye husali hapo. Wapo watumishi wa umma, walimu hasa, ambao kadi ya benki na namba ya siri viko kwa mkopeshaji wa kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba ya kuumiza. Siku ya mshahara anayetangulia kwenye ATM ni yeye, na mwenye mshahara anakaa nyumbani akisubiri kurushiwa kilichobaki. Mwezi haujafika tarehe tano, anarudi kwa mtu yule yule.

Kwangu mimi dalili kubwa kuliko zote ni hii: huwezi kumtajia mkeo au mumeo jumla ya madeni yako.

Aibu ndiyo inayotufunga, na wakopeshaji wengine wanaijua vizuri. Kuna mikopo ya mtandaoni ambayo ukichelewa, ujumbe wa kukudhalilisha unatumwa kwa watu walio kwenye simu yako, hadi kwa mchungaji. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Kama umenaswa huko, tafadhali usikope kwingine ili kufunika aibu.

Mjane yule alipaza sauti watoto wakiwa bado nyumbani. Elisha hakumhoji fedha zilikwenda wapi. Alimuuliza ana nini nyumbani. Jibu la kwanza lilikuwa hana kitu, kisha akakumbuka chupa ya mafuta. Akatumwa kwa majirani wote kuomba vyombo vitupu. Akamimina, na ile chupa moja ikajaza vyombo vyote. Yaani mtaa mzima ulihusika, hata kama mlango ulifungwa wakati wa kumimina.

Halafu angalieni mstari wa saba, maana hapa wengi tunapotezwa. Mafuta yaliuzwa, deni likalipwa, na mama na wanawe wakaishi kwa kilichosalia. Mungu alitenda muujiza, na mdai akapata haki yake. Nahuzunika sana ninapoona ndugu anakopa ili atoe sadaka ya kupanda mbegu, akiamini deni la kwanza litafutika. Anatoka hapo akiwa na madeni mawili.

Basi jioni moja wiki hii, ombeni, kisha mchukue daftari. Andikeni kila deni, hata la dukani kwa Mangi, na tarehe yake ya rejesho. Nendeni kwa wanaowadai kabla hawajawafuata, mkaombe kupangiwa upya. Asiye na mwenzi aketi na mzee wa kanisa anayemwamini.

Nina neno pia kwa wanaokopesha, kwa sababu katika Nehemia 5 waliowatoza ndugu riba walikuwa Wayahudi wenzao. Kumbukumbu la Torati 24:6 inakataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, maana huko ni kuchukua uhai wa mtu. Kama una kadi ya benki ya muumini mwenzako kabatini kwako, mrudishie kabla ya Jumapili, mkae mpange namna atakavyokulipa huku watoto wake wakila.