Kupima elektroni za uso wa dhahabu

Wanafunzi wa kidato cha sita ninaowafundisha hapa Mwanza huijua athari ya fotoelektriki kama swali la mtihani: fotoni, yaani chembe ya mwanga, inagonga metali, elektroni inatoka, nishati inakokotolewa. Einstein aliieleza mwaka 1905, na wengi wetu tunaishia hapo. Vipo hata hivyo vyombo vinavyoitumia athari hiyohiyo kupima hali za elektroni, yaani nishati na mwendo wake, kwenye uso wa metali, na kwa maoni yangu kigumu zaidi ndani yake si taa wala kigunduzi, bali ombwe, yaani nafasi iliyoondolewa hewa.

Tuchukue dhahabu, maana Geita yenye migodi yake ni jirani zetu. Pete iliyotoka kung'arishwa kwa sonara huonekana safi, kumbe imefunikwa na utando wa kaboni na maji. Elektroni yenye nishati ya makumi machache ya elektronivolti (kizio cha nishati cha chembe ndogo) haiwezi kutoka kwenye kina kinachozidi sana nanomita moja bila kupoteza nishati njiani, hivyo kinachopimwa ni tabaka chache tu za juu, na uchafu wenye unene wa molekuli moja unatosha kuvuruga kipimo. Kwenye kanieneo ya hewa iliyobaki ya sehemu moja ya milioni ya tori (kizio cha kanieneo), uso hufunikwa wote kwa takriban sekunde moja, iwapo kila molekuli inayougonga inanata. Ukiishusha mara elfu kumi zaidi, unapata karibu saa tatu za kufanya kazi.

Ndiyo maana chemba ya chuma cha pua inamofanyika kazi hii huokwa kwa zaidi ya nyuzi 100 za selsiasi, mara nyingi usiku kucha au zaidi, ili maji yaliyonata kwenye kuta yatoke. Kisha fuwele ya dhahabu hupigwa kwa ioni za agoni zinazokwangua uso, na hupashwa moto ili atomu zijipange upya. Spiriti haisaidii kitu hapa.

Taa ya heli hutoa fotoni za elektronivolti 21.2. Elektroni zilizong'olewa hupita kati ya nusutufe mbili zilizopandanishwa kama sufuria, ambamo volti huzipinda, na zenye nishati iliyochaguliwa pekee ndizo hufika kwenye kigunduzi. Pembe ya kutokea nayo huonyesha momenta ya elektroni (masi mara kasi) sambamba na uso.

Kwa njia hiyo mwanafizikia LaShell na wenzake walionyesha, mwaka 1996, kwamba hali ya elektroni za uso wa dhahabu imegawanyika mara mbili kufuatana na spini, sifa ya elektroni inayoifanya iwe kama sumaku ndogo. Shaba ina hali ya uso inayofanana nayo, ila mgawanyiko wake ni mdogo mno, kwa kuwa athari ya kiini kwenye spini hukua kadiri protoni zinavyoongezeka, na kiini chake kina protoni 29 tu, ilhali cha dhahabu kina 79.