Sinki linalonasa sumaku si bandia

Hapa Tanga sinki la chuma kisichoshika kutu likinasa sumaku hudhaniwa kuwa bandia, hukumu ambayo naiona ya haraka mno. Chuma kisichoshika kutu cha daraja la 430 kina kromi asilimia 16 hadi 18, kaboni isiyozidi asilimia 0.12 na nikeli kidogo sana, hivyo hunasa sumaku kwa maumbile yake na huwa nafuu kuliko daraja la 304, lile lililozoeleka lenye nikeli nyingi zaidi. Kukipasha moto kisha kukizamisha majini hakukifanyi kigumu, kwa hiyo hakifai kwa visu (sembuse panga!), bali hukunjika vizuri kuwa sinki au mlango wa jokofu. Kikichomelewa, kiungo huwa dhaifu. Kwa nyumba za Raskazone, zinazopigwa na upepo wa chumvi, ningekitumia ndani tu. Nje ningelipia daraja la 316, lenye asilimia 2 hadi 3 ya molibdenamu, metali inayosaidia kuzuia kutu ya chumvi.